Mama Aliyeliliwa Akiwa Hai

Watu wa Chwele, kule Bungoma, wakitaka umjue Metrine Naliaka hukusimulia kisa kimoja. Mumewe alipofariki, shemeji zake wawili, Gilbert na Hillary, walikuja na majembe wakang'oa mahindi yake yaliyokuwa yamefika magotini, wakisema shamba ni la ukoo wala si la mjane. Metrine alisimama mlangoni akawatazama mpaka wakamaliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mbegu, akaanza kupanda upya mistari ile ile, wao wakiwa bado pale wanapangusa jasho. Hakuwatukana. Alimwambia Gilbert tu, "Shemeji, sogea kidogo. Umesimama kwenye shimo langu."

Mama huyo alikuwa na mtoto mmoja, Eddah, na Eddah alikuwa na sauti. Alipoimba akiteka maji, wanawake waliokuwa wakigombania zamu walinyamaza wasijue kwa nini wamenyamaza. Kila mtu alimfurahia isipokuwa mama yake. Metrine alikuwa amewaona wasichana wenye sauti wakizungushwa matanga baada ya matanga nyuma ya pikipiki za wenye spika, na alikuwa amewaona wakirudi nyumbani na mimba. Siku aliyomkuta Eddah kwenye matanga ya jirani ameshika maikrofoni, jua likiwa bado juu, alipita katikati ya waombolezaji, akapanda jukwaani, akamshika mkono bila neno. Hakuna aliyeambiwa azime muziki. Ulizimwa.

"Wewe utakuwa nesi," alimwambia njiani. "Utavaa nguo nyeupe na watu watakuita sista. Uniapie."

Eddah aliapa akiangalia chini. Na kwa kuwa chuo cha uuguzi kinataka karo, na shamba lile lilikuwa linatosha chakula tu, Metrine alikwenda Saudia. Ulikuwa mwisho wa mwaka wa 2017, njia ya Ghuba imefunguliwa upya, maajenti wamejaa mjini Bungoma kama wauza simu. Wasichana waliopanga foleni pamoja naye walimwita mama. Aliwaambia wasimwite mama, wamwite Metrine, kwa maana huko wanakokwenda kila mmoja atajibeba.

Huko Riyadh alipangiwa nyumba moja mtaa wa Al-Naseem, upande wa mashariki, mahali ambapo ukuta wa jirani unaanzia unapoishia wa kwenu na mchanga huingia hata kwenye droo iliyofungwa. Kazi yake hasa ilikuwa kumhudumia mama mzazi wa kafili, yule mwajiri aliyemdhamini; bibi huyo aliitwa na wafanyakazi wote mama kabira, yaani mama mkubwa. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja. Metrine alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Bibi alimtukana Kiarabu, yeye akamjibu Kibukusu, na baada ya muda wakawa wanaelewana vizuri kuliko watu wengine wa nyumba ile. Jioni madam, mke wa kafili, alimruhusu kushika simu, na kila jioni aliuliza swali lile lile.

"Masomo?"

"Yanaenda, Mayi," Eddah angejibu, kwa neno lao la mama.

Masomo hayakuwa yanaenda. Eddah alikuwa ameacha chuo muhula wa tatu. Alikuwa Nairobi, kwenye chumba cha msichana mwenzake, akirekodi nyimbo ambazo hakuna redio iliyozitaka. Metrine hakujua. Lakini alikuwa na wasiwasi ambao hakuweza kuutaja, kwa sababu nyuma ya sauti ya mwanawe alisikia magari mengi mno kwa mji mdogo wa chuo.

Mwanzoni mwa 2019 mama kabira alizidiwa, ikaamuliwa apelekwe Jeddah kwa binti yake, Abeer, ambako kulikuwa na kliniki nzuri ya viungo. Bibi alikataa kuondoka bila Metrine. Alimshika Metrine kitambaa cha kichwa kwa ule mkono mmoja uliokuwa na nguvu, hakuachia.

"Yalla, nenda naye," alisema madam wa Riyadh. "Ni wiki moja."

Simu ya Metrine ilikuwa jikoni inachajiwa. Alipoifuata, madam alisema gari linangoja, na ya nini simu ya mtu anayerudi wiki ijayo. Metrine alipanda gari. Baadaye alijilaumu sana kwa hatua hiyo ndogo. Mwanamke aliyewahi kuwakabili wanaume wenye majembe alikuwa ameshindwa kudai simu yake mwenyewe kwa sababu gari lilipiga honi.

Wiki ile haikuisha. Nyumba ya Abeer ilikuwa Ruwais, karibu na bahari, kwenye vichochoro vya nyumba za zamani ambapo chumvi inakula madirisha. Bahari yenyewe hakuiona, aliinusa tu. Na Abeer alikuwa na sheria moja aliyoisema siku ya kwanza mlangoni.

"Mafi simu. Mfanyakazi wangu wa mwisho alipanga kutoroka kwa simu. Hapa mafi simu, halas."

"Madam, nina mtoto."

"Mtoto mkubwa?"

"Mkubwa."

"Basi atakula mwenyewe."

Miezi ikapita. Metrine alimwomba Abeer ampigie kaka yake Riyadh ili simu iletwe. Abeer alisema ndiyo, ndiyo, kisha akasahau, au akajifanya amesahau. Usiku wa Metrine ulijaa Eddah akiwa mgonjwa, Eddah akiwa na mimba, Eddah akingoja karo nje ya ofisi ya chuo. Mchana alimgeuza mama kabira na kuhesabu makosa yake. Hakuwahi kufikiria kwamba nyumbani, huko ambako yeye alikuwa na hofu nako, kuna mtu alikuwa anamwogopea yeye zaidi.

Haya ndiyo yaliyotokea. Eddah alipiga simu ya mama yake siku baada ya siku ikawa inaita tu. Mwishowe ilipokewa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kwa haraka, kama mtu aliyekatizwa kazi.

"Mafi Metrine," ilisema. "Metrine halas."

Simu ikakatwa, na baada ya hapo haikupatikana tena. Eddah alimwendea mwalimu wa madrasa mtaani kwao akamuuliza maana ya maneno hayo. Mwalimu, mtu mpole, aliuliza kwanza ni ya nini, akaambiwa.

"Mafi ni hakuna," alisema. "Halas ni imekwisha."

Mwaka ule majeneza yalikuwa yanarudi kutoka Ghuba, na kila mtu Kenya alijua jina la mtu mmoja aliyerudi hivyo. Ajenti hakupokea simu. Ofisi alizoziendea Eddah zilimwambia aandike maelezo na asubiri. Basi akaingia studio akiwa hajala, akaimba mara moja tu, bila kurudia. Wimbo akauita "Halas". Ndani yake anamuuliza mama yake amelala wapi, nani aliyemfunga macho, na kwa nini mchanga wa watu umemjua kabla ya mchanga wa kwao. Redio ambazo hazikumtaka zilimtaka. Baada ya muda mfupi wimbo ulikuwa kwenye magari, salunini, kwenye simu za askari wa lango. Wanawake walimsimamisha Eddah barabarani wakamlilia begani. Akapata meneja, kijana aliyeitwa Mike. Akapata jina.

Metrine alikutana na wimbo huo ndani ya gari la Abeer.

Dereva wa nyumba alikuwa Mkenya wa Nyahururu, Nahashon, mtu mtaratibu aliyesali kimya kabla ya kuwasha gari. Kila wiki aliwapeleka Metrine na mama kabira kliniki. Kwa muda mrefu hawakusemezana zaidi ya salamu, kwa kuwa dereva wa kiume na mfanyakazi wa kike wakionekana wanapiga soga, wote wawili hujuta. Lakini siku hiyo bibi alikuwa amesinzia, na Nahashon alikuwa na hamu ya nyumbani.

"Mama, umesema wewe ni wa Bungoma sehemu gani?"

"Chwele."

"Ah! Si huyu msichana wa 'Halas' ni wa huko kwenu? Ngoja nikuwekee. Huku mtu unaweza kupitwa na mambo."

Metrine alimtambua kabla ya neno la kwanza. Alimtambua kwa pumzi, ile pumzi fupi ya puani ambayo Eddah huvuta kabla ya kupanda juu, ambayo yeye mwenyewe alikuwa amemkanya mara nyingi kwamba inasikika kama mtu mwenye mafua. Kisha maneno yakaja. Alisikiliza mpaka ubeti wa pili.

"Ana uchungu huyu mtoto," alisema Nahashon akitikisa kichwa. "Mamake alifia huku huku Saudia. Hata mwili hawajaona."

"Zima," alisema Metrine.

"Pole, sikujua itaku..."

"Zima, nimesema. Mamake ni mimi."

Gari lilipanda ukingo wa mzunguko likashuka tena. Mama kabira aliamka akatukana. Nahashon alisimama pembeni, akamtazama Metrine kwenye kioo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri aambiwe ni mzaha.

Metrine hakulia. Hasira ilikuja kwanza: aliapa, na ameshika maikrofoni. Halafu ikaja hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Kama Kenya nzima inajua amekufa, basi Gilbert na Hillary nao wanajua. Na kwao mtu akifia mbali mwili usipatikane, wazee hukata shina la mgomba, wakalilaza kaburini mahali pa mwili, wakalizika. Ukishazikwa hivyo umezikwa. Ukirudi, unarudi kama kitu cha kuogopwa, huingii lango lako mpaka mambo mengi yafanywe, na shamba limekwisha kugawanywa na watu wenye haki ya kulia.

"Nipe simu," alisema.

Namba ya Eddah, ile pekee aliyoikariri, ilikuwa haipo tena. Msichana maarufu alikuwa amebadilisha namba. Nahashon alitafuta kwenye mtandao akapata namba ya watu wanaotaka kumwalika kuimba, lakini tayari walikuwa wamefika mlango wa kliniki na mlinzi anawapungia mkono wasogee. Ikabidi kungoja wiki nyingine. Wiki hiyo Metrine aliunguza wali mara mbili na kuweka chumvi kwenye chai. Abeer alimuuliza kama ni mgonjwa. Alisema ni joto.

Safari iliyofuata, bibi akiwa ndani na mtaalamu wa viungo, Metrine alikaa kiti cha nyuma, mlango wazi, na Nahashon akasimama mbali kidogo kama mtu asiyehusika. Simu ilipokelewa na sauti ya kijana.

"Mike hapa, management ya Eddah."

"Nipe Eddah."

"Ni nani anaongea?"

"Mama yake."

Mike alishusha pumzi. "Sasa wewe ni mama wa ngapi wiki hii? Jana kulikuwa na mmoja Oman, ako hospitali, anataka atumiwe za dawa. Madam, tafuta kazi. Huyu msichana amefiwa."

Alikuwa anaondoa simu sikioni wakati sauti ilipomfikia, na Mike mwenyewe husimulia mpaka leo kwamba alijikuta amesimama.

"Kijana! Usinikatie! Mamako hakukufunza kusalimu mtu mzima? Sitaki pesa yako wala dawa yako. Mwambie huyo msichana nani amemruhusu kuacha shule? Nani amemwambia mimi nimelala? Nimelala wapi? Nimesimama Jeddah kwenye jua, nimechoka, na bado anapumua kwa pua kabla ya kupanda sauti, nilimkataza, hasikii! Mpe simu saa hii kabla sijakasirika!"

Matapeli wote waliompigia Mike walikuwa wakibembeleza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumgombeza.

"Pole sana, mathe," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Usikate. Haki ya Mungu, usikate."

Eddah akashika simu. Metrine alisikia ile pumzi ya puani, ikaja tena, ikaja tena.

"Mayi."

"Niko."

"Walisema halas."

"Walimaanisha nimehama kazi. Acha kulia, simu ni ya watu. Gilbert amefanya nini?"

Hapo Eddah alianza kulia upya. Wazee walikuwa wamekaa. Mazishi ya mgomba yalikuwa Jumamosi hiyo, tenti zimekwisha kuagizwa, na Gilbert ndiye msemaji wa familia.

"Nitawaambia uko hai, Mayi. Nitaenda na Mike, tutaweka mtandaoni, tutataja hiyo nyumba..."

"Hutataja nyumba. Hutaweka chochote. Mimi ndiye niko ndani ya hiyo nyumba, si wewe."

"Hawataniamini. Watasema natafuta kiki ya wimbo."

"Basi nitaongea nao mwenyewe, Jumamosi, mbele ya watu wote. Wewe uwe pale na simu."

"Na huna simu, Mayi! Utaongea vipi?"

"Hiyo niachie. Nitajie namba yako mpya, niikariri."

Kumbe alikuwa hana la kuachiwa. Jumamosi Nahashon alikuwa ametumwa uwanja wa ndege. Na hata angekuwepo, Metrine hakutaka kumweka hatarini tena. Ikabaki njia moja, kumwomba Abeer waziwazi, na njia hiyo ilikuwa na mwiba alioutambua mapema: atamwambia kwamba nyumbani anazikwa, na Abeer, ambaye si mjinga, atauliza amejuaje. Ikama ya Nahashon, kile kibali chake cha kuishi huko, iko mkononi mwa familia ile ile. Alilitafakari swali hilo siku zote zilizobaki. Alifanya mazoezi ya uongo mbele ya mama kabira, kwa Kiarabu chake cha jikoni, na bibi alimsikiliza kwa jicho moja lililofumbuka zaidi kuliko jingine.

Jumamosi asubuhi alimwogesha bibi, akamlisha, akampa dawa, akambadilisha shuka. Kisha akaenda jikoni, ambako Abeer alikuwa anakunywa kahawa, akakaa sakafuni katikati ya mlango.

"Mgonjwa?" aliuliza Abeer.

"Hapana. Mama kabira amekula, ameoga, amekunywa dawa. Sasa nimekaa. Nataka simu, dakika chache, wewe ukisimama hapa unasikiliza. Usiponipa siinuki."

"Mafi simu. Unajua."

"Madam, leo nyumbani kwetu wananizika."

Alieleza kadiri alivyoweza: mgomba, shimo, shamba. Abeer alimtazama kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwingine. Kisha likaja.

"Wewe huna simu. Umejuaje?"

"Mwanamke wa Kenya, kliniki. Mfanyakazi kama mimi. Alinitambua, akaniambia."

Abeer aliweka kikombe chini. "Nitampigia kaka yangu. Atakurudisha ofisini kwa ajenti. Au nitaita polisi."

"Ita," alisema Metrine. "Ita polisi, madam. Polisi wana simu."

Sijui ni nini kilichomgeuza Abeer. Wengine watasema ni huruma. Metrine mwenyewe aliamini ni uchovu tu, na aibu ya kuita polisi kwa sababu ya mwanamke aliyekaa sakafuni. Toka chumbani mama kabira alianza kupiga kitanda kwa kiganja, pa, pa, pa, akimwita "Mitrin, Mitrin," na hakuna mwingine ndani ya nyumba ile aliyejua kumnyamazisha. Abeer alitazama upande wa sauti, akamtazama Metrine, akatoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba.

"Dakika chache. Spika wazi."

Huko Chwele jua lilikuwa limepanda, watu wamejaa chini ya tenti. Shina la mgomba lilikuwa limefungwa shuka nyeupe. Eddah alikuwa amesimama karibu na fundi wa muziki tangu asubuhi, simu mkononi, watu wakimpa pole na kupiga naye picha, na Gilbert alikuwa amekwisha kumwambia mara kadhaa anyamaze na upuuzi wake wa mama yuko hai. Simu ilipoita, Eddah aliiweka kwenye maikrofoni.

"Haloo," ilisema sauti ya Metrine juu ya waombolezaji wote. "Ninaongea na Gilbert."

Wanawake wa mbele walipiga yowe. Mzee mmoja aliinuka akaacha kiti chake kikianguka. Gilbert alisogea kwenye maikrofoni, kofia mkononi.

"Siku hizi kompyuta zinaiga sauti," alisema akiwatazama watu. "Tutajuaje kama ni yeye?"

"Gilbert. Huo mgomba mmeukata shamba la nani?"

Gilbert aligeuza kofia yake.

"Nauliza. Pale kwako huna hata mgomba mmoja, ulikata yote ukapanda miwa. Hillary hana. Mmeingia kwangu, mkakata mgomba wangu, mkanifungia shuka, mnizike nao?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Halafu mwingine. Kicheko kilipita chini ya tenti kama mvua inayokuja, na wazee, ambao hawapendi kuchekwa, wakainuka mmoja mmoja wakakung'uta suruali zao. Mtu wa kanisa aliyeletwa kuombea alifunga kitabu chake. Hillary ndiye aliyefungua shuka.

Huko Jeddah, Abeer alichukua simu yake. Hakuwa ameelewa hata neno moja, ila kicheko alikuwa amekielewa.

"Wamekuzika?" aliuliza.

"Bado," alisema Metrine, akainuka kwenda kwa mama kabira.

Laiti ingeishia hapo. Lakini Abeer hakulisahau lile swali. Aliuliza kliniki kama kuna mfanyakazi wa Kenya anayefika pale, akaambiwa hakuna. Siku chache baadaye Nahashon aliitwa na bosi wake, simu yake ikakaguliwa, na namba ya Kenya iliyopigwa saa ile ya kliniki ikaonekana. Metrine alimwona dirishani akiweka begi kwenye gari la mtu mwingine. Alitaka kushuka amwambie kitu. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na tangu siku hiyo ulifungwa daima. Alibaki mpaka mkataba ulipoisha. Kila siku alingoja adhabu yake mwenyewe, isije, na kutokuja kwake kukawa ni adhabu. Walimhitaji kwa ajili ya bibi, basi. Nahashon hakuwa na bibi.

Alirudi mwisho wa 2019. Mike alikuwa amealika watu wa kamera uwanja wa ndege wa Nairobi. Metrine aliwaona kwa mbali, akajifunika mtandio usoni, akapita katikati yao akisukuma toroli, hakuna aliyemtambua. Eddah peke yake ndiye aliyemjua, kwa ile hatua yake, akamfuata mpaka kwenye maegesho.

Walikumbatiana kati ya magari. Kisha Metrine akamsukuma nyuma kidogo amwone vizuri.

"Uliapa."

"Niliapa, Mayi." Eddah alikuwa amejipanga kwa jambo hili. "Lakini waliposema halas nilijua aliyeniapisha amekufa. Nilibaki na sauti tu. Ningefanya nini na sauti?"

Mpaka leo, kwa ninavyojua, Metrine hajamjibu. Hajawahi kwenda kumwona akiimba, na akisikia "Halas" dukani huondoka bila alichokifuata. Lakini hakumtaka tena arudi chuo, na kwa mama yule hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko baraka.

"Twende nyumbani," alisema Eddah. "Kuna watu wengi wanakungoja Chwele."

"Watangoja. Kwanza Nyahururu."

Walifika kwa Nahashon kesho yake, mvua ikinyesha. Alikuwa anaendesha gari la maziwa la ushirika. Aliporudi na kumkuta Metrine ameketi kwake alicheka kwa furaha, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza mama kabira hajambo. Mkewe, Charity, hakucheka. Aliwapa chai, akaketi mbali karibu na meko, akimenya viazi bila kuinua macho. Msichana maarufu aliyekaa kwenye kochi lake hakumbabaisha.

Metrine aliweka kikombe chini akageuka kumkabili yeye, si mumewe.

"Mama, nimekuja kusema mbele yako. Bwana yako alifukuzwa kwa ajili yangu. Nilijua nikiomba simu wataulizana, na bado niliomba. Ningelazimika tena, ningeomba tena. Lakini nimekuja."

Nahashon alianza kusema hapana, hapana, Mungu ndiye anayejua. Charity alimkatiza kwa mkono wenye kisu.

"Nyumba yetu ilikuwa imefika kwenye lenta," alisema. Kweli, walipokuja walikuwa wameiona: nyumba ya mawe nyuma ya hii ya mbao, kuta zimesimama bila paa, nyasi zinaota ndani.

"Nimeiona," alisema Metrine.

Charity alimenya kiazi kingine, akakitupa kwenye sufuria. Mvua iliongezeka juu ya mabati.

"Barabara ya kurudi imeharibika," alisema mwishowe. "Mtalala hapa. Wewe na huyo mtoto wako." Akasogeza beseni la viazi kwa mguu mpaka likafika katikati ya chumba, na kisu cha pili akakiweka juu yake.

Metrine alikunja mikono ya gauni, akavuta kigoda, akaanza kumenya.